Gololi 60 za baiskeli: shajara ya mradi wa figo, Tanga

Juma la 1, Jumanne

Leo nimefungua daftari la mradi, ili nisije nikasahau tulikoanzia. Mradi wenyewe ni mdogo: kutengeneza kifaa cha kufundishia kitakachowaonyesha wauguzi wanafunzi, kwa macho na kwa mikono yao, jinsi seli za figo zinavyoingiza ndani yake jentamaisini, dawa ya sindano ya kuua vijidudu ambayo inaweza kuziumiza. Nafundisha famasia hapa Tanga mwaka wa tisa sasa. Kila nikifika kwenye somo la aminoglaikosidi, ambazo ndiyo familia ya jentamaisini, streptomaisini, kanamaisini na amikasini, naandika ubaoni "hudhuru figo na masikio". Wanafunzi wananakili. Mtihani unakuja, wanajibu "hudhuru figo na masikio", wanapata alama zao. Ukiwauliza dawa inaingiaje ndani ya seli ya figo mpaka ikaidhuru, darasa zima kimya.

Sababu ya pili iko nyumbani. Mwaka juzi mama yangu mkubwa alishikwa na homa na mkojo wa kuchoma. Zahanati moja ikawa inamchoma jenta asubuhi na jioni, kwa siku 12. Siku hizohizo alikuwa anatapika, maji hayakai tumboni, na bado anameza diklofenaki za kutuliza maumivu ya magoti. Kreatinini, taka ya damuni ambayo hupanda figo zikilemewa, haikupimwa hata mara moja. Siku ya 13 hakuweza kunyanyua kikombe cha uji. Hospitali wakatuambia figo zimelemewa vibaya. Kilichotughilibu sisi sote ni mkojo, maana ulikuwa unatoka, tena mwingi, nasi tukasema figo ziko salama. Ndivyo madhara haya yanavyokuja mara nyingi: mkojo haukatiki, kreatinini inapanda kimyakimya, na aghalabu huonekana baada ya siku 5 hadi 7 za sindano. Niliyajua hayo kwenye vitabu. Nilikuwa namtembelea kila jioni, na sikumuuliza hata siku moja amekwisha kuchomwa sindano ngapi.

Alipona, alhamdulillahi. Kifaa hiki nakitengeneza kwa ajili yake kama kwa ajili ya wanafunzi.

Juma la 1, Alhamisi

Nimekaa kibarazani na karatasi tangu alasiri, nikijiuliza kifaa kionyeshe nini hasa.

Figo mbili za mtu mzima huchuja kama lita 180 za maji ya damu kwa siku, na mkojo unaotoka ni kama lita moja na nusu tu. Karibu kila kilichochujwa kinarudishwa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na kipande cha kwanza cha neli, yaani mrija mwembamba wa ndani ya figo, kile kinachoanza mara tu baada ya chujio. Seli zake, upande unaotazama mkojo, zina vinyweleo vidogo mno vilivyosongamana kama manyoya ya zulia, na katika mashina ya vinyweleo hivyo kimekaa kipokezi kinachoitwa megalini. Jina limetokana na ukubwa wake. Ni protini ya kama kilodaltoni 600 (kipimo cha uzito wa molekuli), mojawapo ya kubwa kabisa zinazokaa kwenye utando wa seli. Dontscho Kerjaschki na Marilyn Farquhar waliieleza mwaka 1982 walipokuwa wakichunguza ugonjwa mmoja wa figo za panya, kabla hata haijapewa jina ililo nalo sasa.

Megalini haipo pale kwa ajili ya dawa. Ni mwokozi. Protini ndogo zilizoponyoka kwenye chujio, insulini, vitamini D na vitamini A zikiwa zimebebwa na protini zao, vyote hivyo vingeishia chooni kama si yenyewe na mwenzake, kubilini. Megalini inakishika kitu, utando unabonyea kama kishimo, kishimo kinafumba mdomo na kuwa kifuko, na kifuko kinazama ndani ya seli. Humo ndani asidi inaongezeka, megalini inaachia ilichoshika, kisha inarudi juu kwenye utando kushika kingine. Kilichoachiwa kinapelekwa kwenye lisosomu, jiko la seli la kusagia na kuyeyushia.

Sasa jentamaisini. Imejaa chaji chanya: ina vikundi vitano vya amino. Inayeyuka majini, mwili hauibadilishi kuwa kitu kingine, na kwa mtu mwenye figo nzima nusu yake huwa imeondoka kwenye damu ndani ya saa 2 hadi 3, ikipitia kwenye chujio ilivyo. Njiani inakutana na utando wa seli wenye mafuta ya chaji hasi, na inakutana na megalini. Mwaka 1995 Søren Moestrup na wenzake wa Denmark walionyesha kwamba megalini inazishika dawa za namna hii, jentamaisini na polimiksini B zikiwemo. Mwaka 2002 kundi la Thomas Willnow, Ujerumani, likatumia panya wasio na megalini kwenye figo, na figo za panya hao hazikulimbikiza jentamaisini. Baada ya hapo mabishano mengi yalikwisha.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Mlango haukuvunjwa. Mkono uleule unaotuokolea vitamini ndio unaoiokota dawa majini na kuiingiza ndani, kila siku, bila kuchoka. Hiki ndicho kifaa kinachotakiwa kuonyesha. Nikishindwa mengine yote, hili moja nilitimize.

Juma la 2, Jumatatu

Nimepata wazo la sumaku. Gata la plastiki la mita mbili ndiyo neli. Vitu vya chuma vinavyobingirika ndani yake ndiyo dawa. Sumaku ukutani ndiyo vipokezi. Na katika mji wetu huu wa baiskeli, kitu cha chuma kinachobingirika hakikutafutwa mbali.

Nilikwenda Ngamiani kwa fundi baiskeli ambaye alimtengenezea marehemu baba yangu baiskeli zake zote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huna baiskeli leo?"

Nikamweleza nataka gololi, zile za kwenye ekseli ya nyuma, kubwa, hata kama zimechakaa. Alinimiminia kwenye kopo, nyeusi tititi kwa grisi. Tukaziosha kwa mafuta ya taa, tukazisugua kwa kitambaa mpaka zikaanza kung'aa. Nikahesabu 60. Akaniuliza za nini. Nikasema za kuonyesha dawa inavyoingia kwenye figo. Alikaa kimya kidogo, akauliza, "Kwani dawa ina chuma?"

Swali zuri sana, na nimeliandika kwa herufi kubwa kwenye jalada la daftari. Dawa haina chuma na figo haina sumaku. Kinachovutana ni chaji. Lazima niliseme hili mwanzoni mwa kila somo, la sivyo nitawapeleka watu nyumbani na kosa jipya.

Juma la 2, Ijumaa

Jaribio la kwanza halikufaa. Nilitumia sumaku za spika kuukuu, nane, nimezibandika kwa gundi nje ya ukuta wa gata. Zina nguvu kupita kiasi. Gololi ya kwanza iliponaswa, nayo ikageuka sumaku, ikavuta ya pili, ya pili ikavuta ya tatu, na mwisho nikawa na mikufu ya gololi imeziba njia. Nikazibandua zote. Kwa mama mmoja anayeshona mikoba ya kitenge nimepata sumaku ndogo za vifungo. Hizi zinashika gololi mbili tatu, basi.

Juma la 3, Jumanne

Hapa ndipo nilipokwama, na nataka niandike vizuri.

Jambo ambalo kifaa kinapaswa kulionyesha kuliko yote ni hili. Watu wengi, hata wahudumu wa afya, wanadhani dozi ya siku ikigawanywa vipande vidogovidogo figo zinapumzika. Kwa aminoglaikosidi, figo husema kinyume. Miaka ya 1980 Marc De Broe na wenzake wa Antwerp, Ubelgiji, walifanya kazi na wagonjwa ambao tayari walikuwa wamepangiwa kuondolewa figo moja kwa sababu ya saratani. Kabla ya upasuaji wengine walipewa jentamaisini kwa mara moja, ya muda mfupi, na wengine kiasi hichohicho kwa dripu ya polepole mchana kutwa na usiku kucha. Figo ilipotolewa wakapima dawa iliyomo katika gamba lake, yaani tabaka lake la nje. Waliopewa polepole walikuwa na dawa nyingi zaidi ndani ya figo. Dozi ni ileile, tofauti ni mwendo.

Nikamimina gololi 60 kwa mkupuo mmoja. Zilizonaswa: 23. Nikazirudisha, nikaziachia moja baada ya nyingine. Zilizonaswa: 25. Nikarudia mara nne, na kila mara hesabu zilikaribiana hivyohivyo. Kifaa changu kinasema mwendo si kitu. Kinapingana na figo zenyewe.

Usiku umeme ulikatika, nikabaki nalo gizani. Nilidhani ni mteremko, nikaongeza tofali. Nilidhani ni idadi ya sumaku. Sikulala vizuri.

Juma la 3, Alhamisi

Fundi ndiye aliyeliona. Nilimpelekea gata lote kwa bajaji, likiwa limetokeza nje kama mlingoti, nikamwonyesha mara mbili: mkupuo, kisha moja moja. Aliinama, akaangalia sumaku zilizojaa gololi zao tatu tatu, akasema:

"Mwanangu, sumaku yako ikishashiba imeshiba. Haina mkono wa kupeleka ndani ikarudi."

Nilikuwa nimeliandika mwenyewe juma la kwanza! Megalini inashika, inazama, inaachia, *inarudi*. Mimi nimeweka vipokezi vinavyoshika mara moja vikafa hapohapo. Kwa vipokezi vya namna hiyo kweli mwendo hauna maana, kwa sababu nafasi ni zilezile, kama 24, uje mbio au uje taratibu. Uhai wa jambo zima uko kwenye ule mzunguko. Mkono mmoja ukibeba kimoja kwa wakati mmoja, basi umati ukipita kwa sekunde mbili mkono utaambulia wachache tu na waliobaki watateremka na maji. Lakini wakija mmoja mmoja, mkono una muda wa kumchukua kila mmoja, kumpeleka ndani na kurudi kumngoja anayefuata.

Ni kama kivuko cha Pangani. Magari mia yakija kwa pamoja na hayawezi kusubiri, kivuko kitavusha machache. Yakija moja moja kutwa nzima, usiku ukiingia yote yako Bweni, ng'ambo ya mto.

Fundi alikwisha kuchukua spoku kumi za gurudumu bovu. Akazikata, akabandika sumaku ya mkoba kwenye ncha ya kila spoku. Akatoboa ukuta wa gata kwa bomba dogo lililochomwa moto mkaani, matundu nane, makubwa kidogo kuliko gololi, kama kidole kimoja juu ya sakafu ya gata ili gololi zisiponyoke zenyewe. Spoku inachomekwa kutoka nje, sumaku inachungulia ndani. Gololi ikinasa unavuta spoku, gololi inatoka nayo kupitia tundu, unaidondosha kwa kidole kwenye kifuniko cha chupa, unarudisha spoku. Kushika, kuzama, kuachia, kurudi. Nilivuta ile ya kwanza mwenyewe, na mkono ulitetemeka.

Nimemlipa. Alikataa mara mbili, ya tatu akapokea.

Juma la 4, Jumatano

Jaribio na wanafunzi wanane, kila mmoja na spoku yake. Sheria: kofi moja, mkono mmoja. Wa tisa anapiga makofi kwa mwendo ule ule, wa kumi anaachia gololi. Hakuna kuvuta nje ya kofi.

Mkupuo mmoja, gololi 60: sekunde mbili, zimepita. Kwenye vifuniko 11. Kwenye ndoo ya mwisho, yaani kwenye mkojo, 49.

Moja moja, gololi moja kwa kila kofi, 60 zilezile: kwenye vifuniko 53. Kwenye ndoo 7.

Darasa lilipiga kelele. Mwanafunzi mmoja wa kiume, mpole, hasemi kitu darasani, alisimama akasema, "Kwa hiyo mwalimu, yule wa taratibu ndiye aliyeumizwa." Nikamwambia aje ubaoni aandike sentensi hiyo kwa maneno yake.

Maswali yalikuwa mengi, nimeyahifadhi mawili.

Dada mmoja aliuliza: sawa, figo zimepona, na vijidudu je? Dawa ikipita mara moja kwa siku, haviamki? Bahati nzuri aminoglaikosidi huua kwa kadiri ya kilele. Kiwango kikipanda juu sana kwa muda mfupi huua vizuri zaidi, na hata dawa ikishashuka kwenye damu vijidudu vilivyosalia hukaa kwa saa kadhaa vimezubaa, haviwezi kuongezeka. Kwa hiyo dozi moja kubwa ya siku hupiga vijidudu vizuri na hulimbikiza kidogo kwenye figo. Si kwa kila mgonjwa. Mwenye maambukizi ya vali za moyo, au ambaye figo zake tayari zimelemewa, daktari humpangia kivyake. Nilirudia hilo mara tatu.

Mwingine aliuliza kuhusu watoto wachanga, maana wodini huona wachanga wenye maambukizi wakipewa ampisilini na jentamaisini. Je, tuache? Hapana, kabisa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dawa hizo mbili kwa mchanga mwenye dalili za maambukizi makali, na huokoa maisha. Jentamaisini yenyewe hutolewa mara moja kwa siku, kwa kipimo cha uzito wa mtoto. Nilifurahi kwamba swali hili lilikuja, na nilitaka kila mmoja aondoke nalo. Kifaa hiki hakikutengenezwa kuwatia watu hofu ya dawa. Kimetengenezwa ili anayeshika sindano ajue anahesabu nini.

Juma la 5, Jumatatu

Nimepaka gololi rangi ya kucha. Nyekundu 40, hizo ni jenta. Nyeupe 20, hizo ni vitamini D na protini yake. Sumaku, kama ilivyo megalini, inashika zote mbili, haibagui. Binti yangu ndiye aliyepaka, akazianika kwenye sinia dirishani. Rangi nyeupe inabanduka zikigongana, nitatafuta nyingine.

Faida ya rangi imeonekana kwenye vifuniko. Kila baada ya raundi, mwanafunzi anachukua nyeupe kutoka kwenye kifuniko na kuziweka kwenye bakuli la "damu", kwa kuwa seli inajua la kufanya nazo. Nyekundu zinabaki. Seli haina cha kuzisagia. Raundi ya pili nyekundu zinaongezeka, ya tatu zinaongezeka. Kila raundi ni siku moja ya sindano. Raundi ya sita kifuniko kimoja kilijaa, gololi moja ikateleza, zikamwagika zote mezani na kubingirika mpaka chini ya kabati.

Na ndivyo inavyokuwa, kwa kadiri kifaa cha gololi kinavyoweza kusema. Jentamaisini ndani ya lisosomu inazuia vimeng'enya vinavyovunja mafuta ya utando, na mafuta hayo yanarundikana tabaka juu ya tabaka, ukiyatazama kwa hadubini ya elektroni utafikiri kitunguu kilichokatwa. Lisosomu ikielemewa inapasuka, dawa inamwagika ndani ya seli, mitokondria, vinu vya nishati vya seli, zinaumia, seli inakufa na kudondoka ndani ya neli. Kiasi kingine cha dawa hakisubiri hata kupasuka, hupita njia ya nyuma, kupitia vyombo vya Golgi. Hiyo sitaiweka kwenye gata, itawachanganya.

Wakati damuni dawa hupungua nusu kwa saa chache, ndani ya seli za gamba la figo hukaa siku nyingi. Hapa ndipo hesabu ya siku inapopata uzito wake. Anayesema "tuongeze siku tatu tu" anaongeza juu ya kifuniko ambacho hakijamwagwa.

Juma la 5, Ijumaa

Upepo wa kusi umekuwa mkali juma zima, mabango yamepeperushwa mara mbili kibarazani. Bango kitita la kufuatana na kifaa lina kurasa sita sasa. Ukurasa wa nne umenichosha kuliko mingine, ule wa sikio. Nilitaka kusema njia ni ileile, na si hivyo hasa. Katika sikio la ndani dawa huingia kwenye seli zenye vinywele kwa kupitia hasa mifereji ileile inayofunguka vinywele vinapotikiswa na sauti. Na seli hizo kwa binadamu zikifa hazioti tena, ilhali seli za neli ya figo huota upya. Ndiyo maana mama mkubwa alipona figo. Wapo wazee wetu waliochomwa streptomaisini ya kifua kikuu zamani, na mpaka leo ukizungumza nao unasogea karibu na sikio na kupaza sauti.

Nimeandika ukurasa huo upya mara tano. Umebaki na michoro miwili na mistari minne.

Juma la 6, Jumamosi

Onyesho la kwanza nje ya chuo, kwenye ua wa nyumba ya jirani Makorora. Wamekuja wahudumu wa afya ngazi ya jamii, muuguzi mmoja mstaafu aliyefanya kazi hospitali ya Bombo miaka mingi, na wanawake wa mtaa waliosikia kuna gololi. Nilikuwa nimejiandaa kueleza nusu saa, na sikupata dakika tano. Watu walitaka kushika spoku.

Swali lililorudi zaidi ni la maji. Kweli upungufu wa maji mwilini unaongeza hatari. Hatari huongezeka pia dawa nyingine zinazobana figo zikitumika pamoja, na hapa nilitaja diklofenaki na aibuprofeni kwa majina, kwa sababu ziko kwenye mkoba wa kila mtu. Umri mkubwa, siku nyingi za sindano, figo zilizokuwa dhaifu tangu mwanzo, vyote hivyo vinaongeza. Nimewaachia mambo ya kuuliza wanapoandikiwa jenta: nitachomwa kwa siku ngapi, mara ngapi kwa siku, na kreatinini itapimwa lini. Muuguzi mstaafu aliongeza la nne, ambalo sikulifikiria: mtaje kila dawa mnayomeza nyumbani, hata ya magoti. Nimeliingiza kwenye bango palepale kwa kalamu nyekundu.

Mhudumu mmoja aliniuliza kwa nini basi watu hawatengenezi dawa ya kuziba huo mkono. Nikamwambia watafiti wanalifanyia kazi, na ugumu wake uko kwenye gololi nyeupe. Ukiuziba mkono kwa muda mrefu, unaiacha vitamini D nayo iende na maji. Alitazama bakuli la "damu" lenye gololi nyeupe, akatikisa kichwa, hakuuliza tena.

Juma la 6, Jumapili

Mama mkubwa alikuja alasiri kutoka Pongwe, na machungwa ya Muheza kwenye kapu. Nilikuwa sijamwonyesha. Nilimwekea kiti kando ya gata, nikampa spoku ya tundu la tatu, binti yangu akapiga makofi, mimi nikaachia gololi. Moja moja, kama alivyochomwa yeye, asubuhi na jioni.

Alivuta kila kofi bila kukosea. Kifuniko chake kilipojaa nyekundu alisimama kuvuta, akaangalia.

"Hizi ndizo zilizokuwa ndani yangu?"

"Mfano wake, mama."

"Na zilitokaje?"

Nikamweleza kwamba zilitoka polepole, siku kwa siku, nyingine zikidondoka pamoja na seli zilizokufa na kwenda na mkojo, na seli changa zikaja kushika nafasi. Alizihesabu zile za kwenye kifuniko kwa kidole. Tisa. Akazimimina kwenye ndoo mwenyewe, akarudisha kifuniko mahali pake, akasema tuanze tena, safari hii kwa mkupuo, aone.

Tulifanya mpaka adhana ya magharibi.

Yaliyobaki: rangi nyeupe isiyobanduka, sumaku mbili zimelegea kwenye spoku, gundi ya sasa haivumilii, gata la pili kwa ajili ya chuo cha wenzetu Muheza. Fundi anasema gololi nyingine 60 ataniwekea kufikia Jumatano.